Ng'ombe Waliosubiri Mayai

Mama yangu alipoolewa Nyanungu, alitoka kwao Mbalibali na mtetea mmoja aliyepewa na mama yake. Kuku wote niliowajua utotoni walikuwa uzao wa mtetea yule: weusi wenye madoa meupe kama kanga, shingo tupu mpaka kifuani. Jirani akimkuta kuku wa namna hiyo kwenye mtama wake alijua aende kumlalamikia nani.

Msimu huu wa mvua mdondo, ugonjwa unaomaliza kuku, ulipita kijijini kwetu na haukuacha banda. Kaka yangu alinieleza kwa simu kwamba Mama alichimba shimo nyuma ya nyumba akawafukia wote mwenyewe, na hakutaka kusaidiwa. Kilichobaki ni mayai yasiyofika ishirini, yaliyotagwa kabla ugonjwa haujaingia. Aliyaweka kwenye kibuyu kilichokatwa nusu, juu ya makapi ya ulezi. Mtetea wa kuyaatamia hakuwepo, kwetu wala kwa majirani, na bwana mifugo alikuwa amekataza kuku wageni wasiingizwe kijijini mpaka ugonjwa uishe kabisa. Yai la kutotolesha halivumilii kukaa sana. Kama yale yangeharibika, kuku wa bibi yangu wangekuwa wameisha duniani.

Aliyepata njia ni mtoto wa baba yetu mdogo, anayeishi Kehancha, upande wa Kenya. Yeye hutotolesha vifaranga vya kuuza. Alivuka mpaka pale Sirari na pikipiki, nyuma amefunga mashine yake ndogo kwa mipira, akaiweka jikoni kwa Mama, akayapanga mayai, akamwachia kaka maelekezo na kurudi kwao kabla mvua haijashuka. Mimi nilifika siku chache baadaye kutoka Mugumu, ninakofanyia kazi.

Mashine yenyewe ilikuwa sanduku la mbao lenye kioo mbele, ndani taa ndogo za joto na bakuli la maji. Sanduku kama lile hata seremala wetu angeweza kulitengeneza. Cha ajabu kilikuwa kile kidude kilichobandikwa ubavuni, kipana kama kiganja, chenye tarakimu nyekundu. Ndicho kidhibiti joto. Kilikuwa na laini ya simu ndani yake, na kilipima unyevu pia. Joto likishuka kiliwasha taa, likipanda kilizima, na kila kilichofanya kilimwarifu binamu kwenye simu yake huko Kehancha.

Nilikuwa bado sijaweka begi chini simu ilipoita.

"Sista, umefika?" Ilikuwa sauti yake. "Naona mtu amefungua mlango wa mashine. Joto imeshuka kidogo. Ni wewe?"

Kweli, nilikuwa nimefungua. Niliufunga haraka kama mtoto aliyekutwa na mkono kwenye sukari. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mafiga. Aliitazama simu, akalitazama sanduku, halafu akautazama ukuta wa jikoni uliokuwa umejaa moshi wa miaka mingi.

"Ananiona?" aliuliza kwa Kikurya.

"Hakuoni, Mama. Anaona joto tu."

"Joto linaonekana?"

Mtu alikuwa nchi nyingine, ng'ambo ya vilima, na alijua yai la mama yangu lina joto kiasi gani. Nimekuwa nikiandika habari muda mrefu na nimeona mitambo mikubwa kuliko ule, lakini hakuna ulionishangaza kama kidude kile.

Jioni ile binamu alinifundisha kwa simu jinsi ya kulipima yai kwa mwanga. Tulifunga mlango na dirisha, nikaliweka yai moja juu ya tochi, nikaziba pembeni kwa vidole. Ganda liligeuka rangi ya chungwa bivu. Ndani mlikuwa na mishipa myembamba iliyotawanyika kama mizizi ya nyasi, na katikati yake doa dogo jeusi. Doa lilikuwa linadunda.

Nilimwita Mama asogee. Amefuga kuku maisha yake yote. Anajua yai viza kwa kulitikisa sikioni, anajua mtetea atakayeacha mayai na atakayekufa juu yake. Lakini ndani ya yai hai alikuwa hajawahi kutazama. Aliinama mpaka paji la uso likagusa mkono wangu.

"Kumbe anaanza na moyo," alisema.

Alibaki ameinama mpaka nikaogopa kwamba yai litapoa, nikalirudisha.

Kesho yake asubuhi tarakimu nyekundu zilizimika.

Zilirudi zenyewe baada ya muda mfupi, lakini zilirudi na kasoro ambayo binamu alikuwa ameshamwonya kaka juu yake: kidhibiti kile kikikatiwa umeme ghafla kilisahau kiwango cha joto kilichowekewa. Kikiwaka tena kilikaa tu, taa zimezimwa, kikisubiri mtu akikumbushe. Binamu aliweza kukikumbusha kutoka Kehancha kwa simu yake, mtandao ukiwepo. Mtandao usipokuwepo, mtu wa nyumbani alitakiwa abonyeze vitufe. Asipokuwepo mtu, mayai yalipoa.

Jioni kikazimika tena. Na asubuhi iliyofuata.

Umeme wetu ulikuwa wa jua. Paneli ilikuwa juu ya bati la nyumba ya kaka, na betri ndani kwake, kwa sababu mlango wake una kufuli la maana. Waya ulitoka hapo mpaka jikoni kwa Mama, upande wa pili wa boma. Tulianza na paneli. Kaka alipanda juu ya paa na ndoo, akaifuta vumbi na kinyesi cha ndege. Mawingu yalikuwa mengi siku zile, kwa hiyo tukayatwisha lawama mawingu. Lakini mchana mawingu yalipokuwa mazito zaidi kidhibiti hakikutikisika, na asubuhi ya jua kali kilizima.

Tukahamia kwenye betri. Vichwa vyake vilikuwa vimeota unga mweupe wenye ukijani. Nilivisugua kwa maji ya moto yenye magadi, nikavikausha, kaka akavikaza kwa spana na kuvipaka grisi. Tulifurahi kama watu waliomaliza kazi. Jioni tarakimu zilizima. Kaka akaazima betri ya jirani, mpya kabisa. Asubuhi zilizima vilevile. Nikafungua plagi iliyoingia kwenye kidhibiti, nikaona nyaya zimekaa imara, nikaifunga.

"Ni hicho kidude chenyewe," kaka alisema. "Kimechoka. Mtu anakupa kitu bure, unategemea nini?"

"Waya je? Umepita wapi?"

"Uko chini. Nimeufukia. Hauna shida."

Alisema hivyo huku akiokota fimbo yake, akaenda kufungua ng'ombe. Nilipaswa kuuliza zaidi, lakini mtu akishasema jambo akiwa ameshika fimbo ya kuchungia, kwetu mazungumzo yameisha. Na kaka kuhusu kuku hakuwa na moyo mkubwa. Kwake mfugo ni ng'ombe. Kuku ni kitoweo cha mgeni asiyestahili mbuzi.

Siku iliyotutisha ni ile ambayo Mama na mimi tulikwenda kupalilia mahindi. Tuliondoka alfajiri, kaka akabaki kutoa ng'ombe kisha akawafuata malishoni. Jua lilipokuwa utosini tukarudi. Nilipofungua mlango wa jikoni niliona kwanza giza ndani ya sanduku. Tarakimu zilikuwa zinawaka, taa za joto hazikuwaka. Niligusa yai moja. Lilikuwa na ubaridi wa kitu kilicholazwa kivulini.

Nilibonyeza vitufe. Simu ya binamu haikupatikana; baadaye alisema alikuwa njiani kwenda Migori na chaji ilimwishia. Mama alisimama mlangoni na jembe begani. Alikuja, akatia mkono ndani ya sanduku, akauweka juu ya mayai na kuuacha pale, kiganja wazi, kana kwamba yeye ndiye angeyarudishia joto lile.

"Mtetea hasahau," alisema. "Anaweza kufa, lakini hasahau."

Sikuthubutu kupima kwa tochi. Niliogopa kumwonyesha moyo uliosimama mtu aliyekuwa ameuona ukidunda.

Jioni ile binamu alipiga. Ilikuwa saa ng'ombe wanaporudi, na ua wote ulikuwa kelele za ndama wakiita mama zao. Nilitoka nje kutafuta mtandao.

"Sista, hiyo kitu imezima tena sasa hivi! Mko na shida gani huko?"

"Sikusikii vizuri!"

"Bila shaka hunisikii! Kila nikikupigia nasikia ng'ombe tu. Asubuhi ng'ombe, jioni ng'ombe. Mnaishi ndani ya zizi, ama?"

Alicheka. Mimi nilibaki nimeshika simu. Siku hizi za karibuni binamu alinipigia pale tu kidude kilipomwambia kimezimika. Na kila alipopiga alisikia ng'ombe.

Nikageuka kutazama. Wa mwisho walikuwa wanapita kwenye lango, dume jekundu kaka analolipenda kuliko wote likiwa nyuma, na udongo mbele ya lango ulikuwa umevurugwa kwa kwato na mvua kama unga uliokorogwa. Nilitazama nyumba ya kaka upande mmoja. Nilitazama jikoni upande mwingine. Katikati palikuwa lango.

Nilimngoja kaka afunge zizi.

"Waya umeufukia wapi?"

Aliangalia kwanza jikoni, kuona kama Mama yuko karibu. "Shusha sauti."

"Umeupitisha langoni."

"Ningeupitisha wapi? Kuzunguka zizi haufiki, ni mfupi. Juu ungenaswa na pembe. Unaliona dume lile lilivyo? Lingeondoka na waya, na mashine, na jiko."

"Kwa hiyo ukafukia."

"Nilifikiria pembe," alisema polepole. "Kwato sikuzifikiria."

Kwetu lango la ng'ombe halichimbwi ovyo. Ndipo mali ya nyumba inapoingilia na kutokea, na anayetaka kugusa udongo wake huwaambia kwanza wazee wa ukoo. Kaka alikuwa amechimba Jumapili Mama akiwa kanisani, akafagia juu kwa tawi la majani, na hakuna aliyejua. Tena waya haukuwa mmoja. Ulikuwa vipande viwili alivyovisokota pamoja na kuvizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli, na kiungo hicho, kwa bahati yetu mbaya, kilikaa katikati ya njia.

"Mwambie Mama," nilisema.

"Mwambie wewe. Wewe kazi yako ni kutangaza."

Tukaenda wote wawili. Kaka alieleza akiwa amesimama, macho kwenye mafiga. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mura," alisema, yaani kijana, na kaka, mtu mzima mwenye watoto wake, alijikunyata. "Umechimba lango la baba yako kama panya?"

"Mama, ilikuwa kwa ajili ya kuku wako."

"Kuku wangu walikutuma? Walikuja wakakwambia, chimba watu wakiwa kanisani?"

Nilitaka kucheka na nikaogopa. Mama alisukuma kuni ndani zaidi.

"Kesho utawaambia wazee wewe mwenyewe, kwa mdomo wako," alisema mwishoni. "Lakini waya utoke kwanza. Na ng'ombe hawapiti hapo mpaka utoke."

"Mama, asubuhi lazima watoke. Watakula nini?"

"Watasubiri."

Mtu asiyetoka kwetu huenda asielewe uzito wa neno hilo. Kwetu watu husubiri ng'ombe. Chakula husubiri ng'ombe, safari husubiri ng'ombe, hata mkutano wa ukoo utasubiri mpaka ng'ombe wanywe maji. Sikuwa nimewahi kuona ng'ombe wakisubiri, sembuse kusubiri mayai.

Asubuhi jua lilipanda wakiwa bado ndani. Walijazana nyuma ya miti ya lango wakilia, mvuke ukiwatoka puani. Jirani aliyekuwa akipita na ng'ombe wake alisimama barabarani.

"Vipi, mna msiba?"

"Hapana," kaka alijibu kutoka shimoni bila kuinua kichwa.

"Sasa ng'ombe wamekosa nini?"

Mama ndiye aliyemjibu. "Wanasubiri kuku."

Yule bwana alitutazama mmoja mmoja. Halafu alicheka mpaka akaishikilia fimbo yake kwa mikono miwili, akaenda zake akirudia maneno hayo kwa ng'ombe wake mwenyewe.

Kaka alikifikia kiungo. Mpira wa tyubu ulikuwa umepasuka, na nyuzi za shaba zimebaki chache, nyeusi, zinagusana kwa ncha tu. Niliukanyaga udongo kando yake kwa kisigino. Binti wa jirani niliyemwachia kazi ya kuchungulia mashine akapaza sauti kutoka jikoni: "Imezima!" Nilipoinua mguu akasema: "Imewaka!" Nikarudia mara ya pili kwa ajili ya kuona tu. Kilo chache za mwili wangu, juu ya udongo, na huko Kehancha simu ya mtu ilikuwa inalia mezani.

Binamu alipiga papo hapo. "Sasa ni nini? Imezima, imewaka, imezima!"

"Ni mguu wangu," nilimwambia, na sikumweleza zaidi.

Tulikata sehemu mbovu, tukaunga upya kwa kiunganishi cha skrubu, tukafunga vizuri kwa utepe wa umeme. Kaka alisimika nguzo mbili za mkaratusi, ndefu kuliko pembe yoyote aliyowahi kuiona, alisema, hata ya ndotoni. Waya ukapita juu. Mama alifukia mfereji kwa mikono yake mwenyewe, akakandamiza udongo kwa miguu, kisha akaleta maziwa kidogo kwenye kibuyu akayamwaga hapo. Sikumuuliza alisema nini alipokuwa akimwaga. Alikuwa akizungumza na watu wengine.

Nilikwenda jikoni kusimama mbele ya tarakimu. Nilisikia miti ya lango ikiondolewa, halafu sakafu ya udongo ikaanza kutetemeka chini ya nyayo zangu. Walitoka kwa fujo ya njaa, wote kwa pamoja. Maji kwenye bakuli la mashine yalichora miduara midogo. Tarakimu nyekundu zilikaa palepale, hazikupepesa. Nje nilimsikia kaka akilisihi dume lake kama anayemsihi mkwe: "Pita baba, pita taratibu, inamisha kichwa." Lilipita.

Baada ya hapo kidhibiti hakikusahau tena. Kilichobaki kujulikana ni kama kuna kilichokuwa bado hai cha kupewa joto hilo. Mama ndiye aliyeniletea tochi.

"Tazama," alisema. "Mimi nitashika mlango."

Yai la kwanza lilikuwa na pete nyekundu ndani na hapakuwa na kitu kilichosogea. La pili vilevile. La tatu lilikuwa limejaa giza upande mmoja, na katika ukingo wa giza lile kitu kilijigeuza, kama mtoto anayejifunika shuka vizuri. Nilimwita kwa mkono. Mama aliacha mlango, akaja, akaona, akajishika kifua. Tuliyatenga yaliyokufa, na yalikuwa mengi kuliko nilivyotaka. Yaliyokuwa hai tuliyarudisha yakiwa yametengana, sanduku limekuwa kubwa ghafla.

Siku ya kuangua ilipokaribia Mama alihamishia kigoda chake mbele ya mashine. Alipika akiwa amekaa hapo, alichambua mboga hapo, wageni waliomwamkia shikamoo waliitikiwa bila kugeukiwa. Mchana mmoja aliinua mkono kunizuia nisisonge ugali. Alisogeza mdomo karibu na kioo, akatoa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu utotoni: mlio wa chini wa kooni, ule wa mtetea anapoita wanawe kwenye chakula. Akatega sikio. Akatoa tena.

Kutoka ndani ya yai lisilo na ufa, kitu kilimjibu.

Ilikuwa sauti nyembamba sana, nikadhani ni kuni. Mama aliita tena, na safari hii yalijibu mawili. Vilikuwa viumbe ambavyo havijawahi kuguswa na unyoya wala kuisikia sauti ya mtetea; vilikuwa vimelelewa na jua lililoshuka kutoka kwenye bati na kupita juu ya pembe za ng'ombe, vikipimwa joto na mtu wa nchi nyingine. Na bado vilijua kuitika vinapoitwa. Niliweka mwiko chini.

Simu iliita. Ilikuwa Kehancha.

"Sista, unyevu umepanda ndani. Kuna kitu kinatoboka?"

Mama alinyoosha mkono. Hapendi simu, huishika mbali na uso kama kaa la moto. Safari hii aliichukua, na hakuiweka sikioni. Aliufungua mlango wa mashine upenyo wa kidole, akaiweka simu hapo, kwenye joto, karibu na yai lililokuwa limeanza kupata ufa mdogo wenye umbo la nyota.

Binamu, mtu wa mizaha, alikuwa akisikiliza. Tulisikia upepo wa kwao na pikipiki ikipita kwa mbali. Yai liliita. Ganda liliinuka kidogo na kurudi.

"Nimeskia," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Mama mkubwa, nimeskia."